Fisi wa Kingo Mbili

Mwaka ambao mbuni waliacha kutaga na nzi wakagombania kivuli, jua lilikausha visima vyote vya nchi ya Nyasini na vijito vyote vya nchi ya Msituni. Lilibaki bwawa moja tu, pale mpakani, nalo lilikuwa limenywea mpaka viboko wakalihama kwa aibu. Asubuhi maji yake yalikuwa safi, kwa kuwa tope lilikuwa limelala chini usiku kucha. Ikifika jioni, kwato zimekwisha kuyavuruga, na anayekunywa anakunywa uji wa udongo. Ndama walianza kuhara, kisha wakaanza kufa.

Nyasini ilitawaliwa na Simba, ambaye hata akipiga chafya alingoja kupigiwa makofi. Msituni ilitawaliwa na Chui, mwenye wivu uliomnyima usingizi. Wawili hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi, na hakuna aliyekumbuka sababu. Kupigana juu ya bwawa kungelijaza mizoga, basi wakakubaliana, kwa kupelekeana ujumbe, kwamba jambo hilo liamuliwe kwa mbio. Wakimbiaji wa nchi zote mbili wangeshindana katika mto mkavu. Nchi ya mshindi ingekunywa asubuhi mpaka mvua irudi. Nchi nyingine ingekunywa jioni.

Uamuzi wa mbio alipewa Sungura, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake na Sungura hakumwamini yeyote. Alidai ujira mmoja tu: saa za mchana, yeye na ukoo wake wanywe bila kuulizwa. Sungura hakuzaliwa kufanya kazi ya bure.

Sasa, mpakani hapo ndipo alipokaa Fisi. Mama yake alikuwa wa Nyasini, baba yake wa Msituni, na kila upande ulimhesabu kuwa mtoto wake. Hapakuwa na ubaya katika hilo. Wanyama wengi wa mpakani walikuwa na bibi huku na shangazi kule. Fisi alikuwa na mgongo ulioinama kama paa bovu, lakini akianza kukimbia hachoki, na mbio za mto mkavu zilikuwa ndefu, mbio za pumzi. Wote walijua kwamba atakayempata Fisi amepata maji ya asubuhi. Bahati mbaya Fisi naye alijua, na miongoni mwa viungo vyake vyote, kilichokuwa na sauti ya mwisho ni tumbo.

Simba ndiye aliyemwita kwanza. Fisi aliingia barazani kwa unyenyekevu, akaona mbavu za pundamilia zimelazwa juu ya majani mabichi, na machozi yakamtoka. Simba alidhani ni machozi ya uzalendo.

"Mfalme," akasema Fisi, "kitovu changu kimezikwa Nyasini. Nitamkimbilia nani kama si mama yangu?"

Akala mbavu zote, akalamba na majani. Simba alifurahi sana. Nyumbu, aliyekuwa akifanya mazoezi tangu jua lilipoanza kukaza, aliambiwa asijisumbue tena. Siku ya mbio akae ukingoni na kushangilia. Nyumbu aliinamisha kichwa, akaondoka. Fisi alimtazama akienda huku akitafuna, na alichowaza ni kwamba sasa mshindani mmoja amepungua.

Alipofika nyumbani akamkuta mjumbe wa Chui akimngoja. Mtu mwenye haya angemwambia mjumbe kwamba amekwisha kuahidi kwingine. Fisi aliuliza kuna nini cha kula. Akaambiwa kuna mafuta ya nguruwe mwitu na mifupa yenye uboho, akamfuata mjumbe njia nzima akimpita na kumngoja.

"Mtemi," akamwambia Chui, mdomo ukimng'aa kwa mafuta, "mtoto ni wa baba. Damu yangu ni ya Msituni. Huko Nyasini nilipita tu nikitoka tumboni."

Chui alicheka. Hakumuuliza kama alikuwa amekwenda kwa Simba, kwa sababu mwenye wivu husikia raha kuamini kwamba amemnyang'anya mwenzake. Fisi aliahidiwa karamu nyingine baada ya ushindi, kubwa kuliko hiyo. Simba naye alikuwa ameahidi karamu. Basi Fisi akarudi nyumbani akiwa na mzigo wa ahadi, akalala chali, akaona dunia ni nzuri ingawa watoto wa majirani walikuwa wakilia kiu.

Swala alimkuta hivyo. Yeye pia alikuwa wa mpakani: alizaliwa Nyasini, akafiwa na mama angali mchanga, na shangazi zake wa Msituni ndio waliomnyonyesha. Alikuwa mwepesi, ila pumzi yake haikufika ya Fisi. Siku hiyo alikuwa akitoka kwa Simba, na vumbi la kungurumiwa lilikuwa bado usoni mwake. Alieleza kwamba amekwenda kumwambia Mfalme mwenyewe, ana kwa ana, kuwa atakimbia upande wa Msituni, ili asije akasikia kwa watu.

"Alikupa nini?" Fisi akauliza.

"Matusi."

"Na Chui?"

"Alisema nikitaka niende, nisipotaka nisiende. Ana mkimbiaji mkubwa kunishinda, hakumtaja jina."

Fisi akageuza uso asicheke. Alimwona Swala kuwa mpumbavu wa kutupwa. Kuwa na nyumba mbili na kulala njaa katika zote mbili, hiyo ni akili gani? Akamuuliza kwa nini basi amechagua Msituni, ambako hata mfupa hakupewa.

"Nyasini ni kwetu, sikukani," Swala akasema. "Wakifiwa nitakwenda kulia nao. Lakini waliponiona sijui kusimama, ni hawa walionisimamisha. Miguu hii wameitengeneza wao. Siwezi kuikimbiza kote kuwili, dada yako nina roho moja."

"Una roho moja na tumbo tupu," akasema Fisi, akafumba macho.

Lakini hila ya kuzikimbilia nchi zote mbili haikumjia kwa urahisi. Ilikuwa desturi kwamba kila mkimbiaji apakwe rangi ya nchi yake mbavuni: Nyasini udongo mwekundu, Msituni udongo mweupe. Fisi aliwaza mpaka kichwa kikamuuma, kwa kuwa hakukizoesha. Hatimaye akakumbuka kwamba mbio huanzia kwenye bwawa na kuishia kwenye jabali kubwa huko juu. Kwamba watu wa Nyasini hukaa ukingo wa kulia na watu wa Msituni ukingo wa kushoto. Na kwamba anayetazama kutoka ukingoni huona ubavu mmoja tu. Akajipongeza kwa kicheko kirefu.

Siku ya mbio, jua lilipochomoza, alikwenda Nyasini kupakwa. Ubavu wa kushoto alikuwa ameufunika kwa majani ya mgomba na kuyafunga kwa kamba. Akamwambia Ngiri, mpakaji wa Simba, kwamba ana jipu bichi upande huo, asiuguse. Ngiri akampaka ubavu wa kulia ukawa mwekundu kama damu. Fisi alipotoka hapo akaingia kichakani, akahamisha majani, akaenda Msituni akichechemea. Nyani, mpakaji wa Chui, akaambiwa habari ya jipu la upande wa kulia, akampaka wa kushoto ukawa mweupe kama maziwa.

Sungura, kwa kazi yake ya uamuzi, alikuwa akipita pande zote mbili kukagua wakimbiaji. Nyasini alimpa Fisi pole kwa jipu la kushoto. Msituni alimkuta anaugua jipu la kulia. Alisimama kidogo akilitazama fungo lile la majani, masikio yameinuka. Majipu mengi alikuwa ameyaona, lakini linalohama alikuwa hajaliona. Akampa pole tena, kwa sauti ileile, akaenda zake.

Wakimbiaji walipopangwa kwenye mchanga, Fisi akajipenyeza katikati, wekundu kulia kwake na weupe kushoto kwake, ndipo akaivuta kamba majani yakaanguka. Vumbi lilikuwa jingi na kila ukingo ulipiga ngoma zake. Kulia walimwona Fisi mwekundu, wakapiga vigelegele. Kushoto walimwona Fisi mweupe, wakarusha matawi. Simba alitabasamu, na Chui, upande wa pili, alitabasamu vilevile.

Sungura akapanda juu ya gogo. Akatangaza kwamba mwaka huu mbio haziishii kwenye jabali. Nyuki wameweka mzinga hapo, alisema, na haifai wazee kungojea ushindi kati ya nyuki. Kila mkimbiaji atalizunguka jabali na kurudi, na atakayefika bwawani kwanza ndiye mshindi.

Fisi alisikia ubaridi ukimpanda kutoka mkiani. Akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini wasimalizie popote pengine, mbele ya jabali au nyuma yake.

"Kwani kurudi kuna ubaya gani, Bwana Fisi?" Sungura akamjibu. "Kila aliyetoka kwao hurudi kwao."

Ngoma ikalia, wakatoka. Fisi alijiambia kwamba jabali liko mbali na atapata ujanja njiani. Ndivyo wanavyojiambia walafi wote, kwamba njia itawafikiria. Kwa muda ilikuwa tamu kweli. Kulia jina lake, kushoto jina lake. Aliwaacha wenzake mmoja baada ya mwingine, mgongo ukipanda na kushuka, na puani alikuwa akisikia karamu mbili, nyama choma upande huu na mchuzi upande ule. Hakuwaza maji hata mara moja. Alifika kwenye jabali peke yake, Swala akiwa nyuma sana.

Hapo akasimama.

Akigeuka kama wanavyogeuka wengine, Nyasini wataona weupe na Msituni wataona wekundu. Akigaragara mchangani afute zote mbili, hatakuwa wa mtu yeyote, na asiye wa mtu halishwi. Akachungulia nyuma ya jabali kutafuta nyuki, angalau wamfukuze. Hakukuwa na hata mmoja. Mshindo wa kwato ukakaribia. Ndipo Fisi alipoamua jambo ambalo mpaka leo wanyama wakilisimulia hushika mbavu: alianza kurudi bwawani kinyumenyume, mkia mbele na kichwa nyuma, ili kila ukingo uendelee kuona rangi yake.

Mwanzoni watu walidhani ameumia. Kisha ngoma zikakosana mapigo, zikanyamaza. Fisi alikuja akirusha miguu kama aliyekanyaga makaa, akitazama alikotoka, huku akijilazimisha kutabasamu kulia na kushoto. Wakimbiaji walimpita, wekundu na weupe. Swala alipomfikia alipunguza mwendo kidogo.

"Geuka, ndugu yangu," akamwambia. "Utaumia."

Fisi akazidi kutabasamu kulia na kushoto. Swala akakaza mbio. Na kweli, hatua chache mbele, mguu wa Fisi ukaingia katika shimo la mhanga, akapinduka, akabingirika mbele ya nchi mbili, mwekundu, mweupe, mwekundu, mweupe, mpaka akatulia kifudifudi na rangi zote mbili zikaonekana waziwazi.

Swala aliingia bwawani wa kwanza. Msituni wakapata maji ya asubuhi, na ndama wao wakapona. Nyasini walijipanga kwa jioni. Nyumbu alisimama ukingoni na miguu yake ambayo haikutumika, akamtazama Simba, na kwa mara ya kwanza Simba hakujua pa kuyaweka macho yake.

Hasira ya mtukufu hutafuta mtu wa kuiangukia. Simba akashuka mtoni upande wa kulia, Chui akashuka upande wa kushoto, wakakutana juu ya Fisi.

"Mchukue mtu wako," akasema Simba.

"Wangu tangu lini?" akajibu Chui. "Rangi yako hiyo ubavuni. Mchukue wewe."

Basi wafalme wawili waliokuwa wamemgombania kwa nyama wakasimama wakimsukuma huku na huko kwa makucha, kila mmoja akiapa kwamba hamjui. Fisi, akiwa chini, alimkumbusha Simba habari ya kitovu, akamkumbusha Chui habari ya damu. Alikosea tena, kwani aliwakumbusha wote wawili kwa pumzi moja, na kila mmoja akasikia alichoambiwa mwenzake. Wakamwinua, mmoja kwa sikio na mwingine kwa mkia, wakamtupa juu ya mchanga wa mpakani, wakarudi kila mtu kwake. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana ana kwa ana katika utawala wao.

Alikwenda kwa wajomba zake wa Nyasini, wakamwambia ajaribu kwa baba zake. Alikwenda kwa baba zake wa Msituni, wakamwambia arudi kwa wajomba. Asubuhi bwawa lilikuwa na walinzi weupe, mchana lilikuwa la akina Sungura, jioni lilikuwa na walinzi wekundu. Fisi alikunywa gizani, baada ya wote, tope lililobaki katika nyayo za wengine. Kiangazi chote alitembea na rangi zake mbavuni, kwa kuwa hakuwa na maji ya kuziogea.

Mvua ilipokuja ilimwosha zote mbili mara moja. Jina baya halikuoshika. Na mimi nilipoipokea habari hii niliambiwa niifunge kwa kamba moja tu, nayo ni hii: njia mbili zilimshinda fisi.