Mkono wa Mpika Halua

Songeni mbele, ndugu zangu, zibeni hayo mapengo. Leo nina habari ya mpika halua mmoja.

Miaka thelathini alikoroga masufuria makubwa kwa mkono wake wa kulia. Asubuhi moja kiharusi kikampiga, mkono ukaanguka ubavuni, haumsikii tena. Nyumbani walimpenda, wallahi walimpenda! Mkewe akimlisha kwa kijiko, mwanawe akimfunga vifungo, hata maji akishikiwa glasi mdomoni. Lakini mzee alikuwa na lake moyoni. Binti yake ameposwa, harusi ni miezi mitatu ijayo, na walii ni yeye. Wakati wa kuozesha, atamshika bwana harusi kwa mkono gani?

Basi wakampeleka hospitali moja yenye roboti ya mazoezi. Mkono unafungwa kwenye mashine, mbele yako pana skrini yenye picha ya kikombe, nawe unatakiwa ukinyanyue. Mzee akakaa, akangoja. Mashine kimya.

"Mwanangu, si uiwashe basi," akamwambia binti anayesimamia mazoezi.

"Imewaka, baba. Inasubiri uanze wewe."

Subhanallah! Chuma kinamsubiri mtu atake kwanza! Mzee akajikaza, bega likacheza kidogo tu, na papo hapo mashine ikaupokea mkono, ikamsaidia kumaliza. Akacheka peke yake. Tangu siku hiyo hakukosa, vikombe mia mbili kila asubuhi, jasho linamtiririka.

Wiki ya harusi ikafika. Asubuhi moja mkono ulikuwa mzito kama gunia la sukari. Akanyanyua kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, hasira zikampanda.

"Mashine yenu imekufa! Naozesha Ijumaa hii, nanyi sasa ndipo mnanitupa?"

"Haijafa, baba. Kila wiki nilikuwa naupunguza msaada wake kidogo kidogo. Leo nimeuondoa wote. Vikombe hivyo vitatu umevinyanyua mwenyewe."

Mzee akautazama mkono wake. Akalia, wala hakuona haya.

Ijumaa, msikitini, mbele ya bwana harusi, akaanza kuunyoosha mkono. Pole pole, unatetemeka. Mwanawe akaruka kumshika kiwiko.

"Kaa chini!" mzee akasema. "Niache nifike."

Msikiti mzima ukangoja. Akafika. Akaushika mkono wa mkwewe barabara, akamwozesha binti yake kwa ulimi wake na mkono wake.

Haya, tuje kwetu. Nyumba ile ilikosa mapenzi? Haikukosa hata chembe. Mbona basi mkono ulilala kwa wanaoupenda, ukaamka kwa chuma? Kwa sababu chuma kilisubiri, na sisi hatusubiri. Daktari anamuuliza mgonjwa, tunajibu sisi. Tunampokonya kijiko kwa huruma, kisha tunasimama mlangoni tukiwaambia majirani, "Maskini, hawezi." Nani kamzuia asiweze? Mimi na wewe, na mapenzi yetu haya ya haraka!

Ukirudi nyumbani leo, ukamkuta mzazi wako ananyanyua glasi, nayo inatikisika, kaa karibu yake. Weka mkono wako tayari, lakini usiguse bado. Maji yakimwagika, tambara lipo, tutayafuta.