Shimo Jeusi Lililokuwa Dogo Kupita Kiasi

Kisa hiki nimetumiwa na mtu ninayemheshimu. Kisome, kisha mpelekee mwingine.

Profesa Bupe Mwaipaja alifundisha elimu ya nyota chuo kikuu. Kwa miaka kumi na tisa alitafuta kitu kimoja tu: shimo jeusi lenye uzito mdogo kuliko jua letu.

Shimo jeusi ni kitu kizito mno angani, hata mwanga ukiingia hautoki. Yale yanayofahamika hutokana na nyota kubwa zilizokufa, na huwa na uzito wa majua kadhaa. Lenye uzito mdogo kuliko jua haliwezi kuachwa na nyota. Likipatikana, huenda lilizaliwa ulimwengu ulipoanza, kabla ya nyota yoyote kuwaka.

Dakta Kilasara, mwenzake wa idara moja, hakukubali. "Bupe, unatafuta kitu ambacho hakipo," alimwambia kila mwaka.

Miezi minne kabla ya Profesa kustaafu, vituo viwili vinavyopima mitetemo kutoka angani vilinasa vitu viwili vikigongana. Kimoja kilikuwa na nusu ya uzito wa jua.

Ofisi nzima ilishangilia. Mkuu wa chuo akaandaa ukumbi na kuwaita waandishi wa habari.

Profesa alichukua vipimo vyote akampelekea Dakta Kilasara. "Nitafutie kosa," alisema. "Usinionee huruma."

Dakta alifanya kazi wiki tatu. Alipima upya, akajaribu kila hesabu aliyoijua. Asubuhi ya siku ya kutangaza, aliingia ofisini kwa Profesa, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nimeshindwa," alisema. "Sikuona kosa. Hongera, Profesa. Miaka yote hii nilikuwa nakupinga bure."

Profesa hakutabasamu. Alimsogezea karatasi.

"Kaa, Dakta. Kosa lipo. Nimeliona jana."

Katika kituo kimoja, pampu ya maji ya kupoza mitambo iliwashwa sekunde zile zile. Mtetemo wake ulikuwa umejichanganya na ule wa angani. Ulipoondolewa, uzito wa kile kitu ulipanda ukapita wa jua. Kilikuwa mabaki ya kawaida ya nyota iliyokufa.

Dakta aliisoma karatasi mara mbili.

"Mimi mpinzani wako sikuliona. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi ningejua," alisema Profesa. "Na watoto wangefundishwa kosa langu shuleni."

Saa nne aliingia ukumbini akasema kilichotokea. Waandishi walifunga kamera zao, wengine wakacheka. Alistaafu bila kulipata alilolitafuta, na hakuna aliyemwandalia sherehe.

Miaka miwili baadaye, wataalamu wa nchi nyingine walinasa mtetemo unaofanana na ule. Safari hii kitu kilikuwa chepesi zaidi. Hawakumwambia mtu. Vipimo vyao vyote walimtumia kwanza mama mmoja mstaafu, pamoja na barua fupi:

"Profesa Mwaipaja, wewe ukisema ni kweli, tutatangaza. Ukisema si kweli, tutanyamaza."

Alivaa miwani yake, akaanza kusoma.

Funzo: Ukweli unaokuharibia sherehe yako leo ndio utakaowafanya watu waamini neno lako kesho.