Nafasi Moja Katika Lango la Salamani

Hapo zamani, zamani ile ambayo kila mwenye bunduki alijiita baba wa nchi, mji wa Kwandeo ulikuwa na malenga mwanamke, jina lake Somoe binti Kheri. Vita vikaingia. Jemadari akachoma maghala, akabeba vijana, kisha akatangaza kwamba Kwandeo ina amani. Amani! Somoe akakaa kitako akatunga utenzi. Akayataja maghala moja moja, akawataja vijana mmoja mmoja. Na katika ubeti wa mwisho, kama ilivyo ada ya watunzi, akataja jina lake na mji wake.

Utenzi ukasambaa hadi kambini. Jemadari hakujua kusoma, akamwita karani wake Fumo, naye pia mtunzi.

"Nisomee."

Fumo akasoma. Akasoma vizuri mno, na hapo ndipo alipokosea! Alipofika ubeti wa mwisho angeweza kukohoa. Angeweza kusema karatasi imechanika. Lakini mtunzi gani humkata mwenzake jina? Ulimi ukamponyoka: "Mtungaji ni Somoe, na kwetu ndiko Kwandeo."

Jemadari akasema, "Nileteeni mkono wake wa kulia."

Askari wakauzingira mji, wakapekua nyumba kwa nyumba, Somoe amejibanza nyuma ya magunia ya chokaa kwa jirani. Habari zikafika Tindini kwa malenga Mbwarali, mtu wa majivuno ambaye tangu azaliwe hajamsifu mtunzi yeyote ila yeye mwenyewe. Akashika kalamu.

"Unaandika nini, na mwenzio anawindwa?" mkewe akamuuliza.

"Naandika jina lisilo langu."

Akamtukana Jemadari beti hamsini, akamalizia: mimi ni Somoe, nimehamia Tindini.

Riziki, mwanamke mtunga nyimbo za harusi wa Vumbani, aliposikia akapiga makofi. "Mbwarali kaacha jina lake? Basi kweli dunia imeharibika!" Naye akatunga wake: mimi ni Somoe, nimehamia Vumbani.

Karatasi zote mbili zikatua kambini. "Karani, ni yuleyule?" Jemadari akauliza.

Fumo alijua siye. Mbwarali alikuwa na mikogo hata akijificha nyuma ya jina la mwenzake, na beti za Riziki zilinukia udi wa bibi harusi. Safari hii ulimi haukumponyoka.

"Ndiye, mkubwa. Mwanamke huyo ana mbio!"

Nusu ya jeshi ikaenda Tindini, nusu Vumbani. Kwandeo wakabaki walinzi wawili wanaosinzia. Somoe akatoka mchana kweupe, kapu la maboga kichwani, akavuka mpaka, akapokewa katika mji wa Salamani.

Msishangilie bado, ngojeni! Kule Tindini nyumba ya Mbwarali ilichomwa, pamoja na maandishi ya miaka arobaini. Kule Vumbani askari waliuliza, "Somoe ni nani?" Riziki akatoka mlangoni: "Mimi. Mnataka wimbo gani?" Wakamfunga, wakampiga hadi akapoteza jicho. Na Jemadari alipogundua ujanja, akavunja vidole vya Fumo, kimoja kimoja. Wote watatu wakatoroka. Wote watatu wanasakwa. Wote watatu wakafika lango la Salamani asubuhi moja.

Mtawala wa Salamani akatoka, jasho linamtoka. "Jemadari ni jirani yangu. Nimeshampokea Somoe. Imebaki nafasi moja."

Nafasi moja! Mji wenye viwanja vya kukimbizia farasi, nafasi moja!

Akamwita Somoe. "Taja jina moja kabla ya adhuhuri. Wawili watarudi walikotoka."

Mbwarali akasema, "Wazo ni langu. Nisingeanza, nani angefuata? Nimechomewa umri wangu wote, sina hata ukurasa."

"Kaka, wewe uliandika ukiwa kitini," Riziki akamkata. "Nyumba inachomwa, mwenyewe uko kwa shemeji! Mimi nilisimama mbele ya bunduki nikasema ndimi."

Fumo akasema, "Dada yangu, ningesema 'siye', karatasi zenu zingefungiwa karanga. Nyinyi mlidanganya mkiwa mbali. Mimi nilidanganya nikimtazama Jemadari machoni."

"Na aliyemtaja mwanzo ni nani?" Riziki akamuuliza.

Fumo akainama. "Mimi. Sikatai."

"Basi!"

"Wewe ungelikata jina lake, Riziki?"

Riziki akamtazama Mbwarali. Mbwarali akatazama chini.

"Nisingelikata," Riziki akasema.

Somoe akamgeukia mtawala. "Na mimi nikitoka?"

"Wataingia wawili. Wewe na mmoja mtarudi kwa Jemadari."

Watatu wakapiga kelele kwa pamoja: "Usithubutu!" Kisha wakatazamana, kwa sababu kila mmoja alijua nafasi bado ni moja.

Haya, wenzangu. Msinijibu "wote waingie". Hilo mwambieni mtawala, nami nitakuwa mbele yenu nikipaza sauti. Lakini Somoe yuko langoni, kivuli chake kimeshafika miguuni, na nyuma ya mlima vumbi la askari linaonekana. Je, nani alistahili kuingia?