Chungu cha Mbegu cha Kasilda

Methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame hupendwa sana na watu walioketi vitini, ambao huwaambia wenzao wainame. Maana yake haijifichi: kitu kilichowekwa chini hakipandi juu kumfuata anayekihitaji, hata awe na cheo, hata awe na shahada mbili ukutani. Theodosia alikuwa nazo hizo shahada mbili, na alikuwa akiitafuta ya tatu.

Theodosia alikuwa mtaalamu wa lishe mjini Gitega. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukosolewa. Alizaliwa na kukulia ukimbizini Tanzania, kisha akarudi Burundi na wazazi wake, wakapata kipande cha ardhi Butihinda, kule Muyinga, karibu na mpaka. Huko ukimbizini walimwacha kaburini mdogo wake Nazario, mtoto aliyekonda mpaka akaisha, ilhali chakula nyumbani kwao hakikukosekana kabisa. Tangu utotoni Theodosia alijiuliza kwa nini wengine walikula wakanenepa, Nazario akala akakonda. Swali hilo ndilo lililompeleka kusomea lishe.

Mara mbili alikuwa ameomba nafasi ya shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji, na mara mbili alikataliwa kwa barua fupi yenye adabu nyingi. Sasa aliomba mara ya tatu, na isingekuwapo ya nne. Ufadhili ule haukumpokea aliyevuka miaka thelathini na mitano, naye angeivuka Januari.

Safari hii aliamua kupeleka maombi yenye takwimu zake mwenyewe. Mwezi wa Septemba alichukua likizo akaenda Butihinda kupima chakula cha watoto katika kaya kumi, siku mbili kila kaya. Alifanya mambo kwa utaratibu, kama vitabu vinavyoagiza. Wiki moja kabla alimpigia simu mkuu wa kilima, kama kinavyoitwa kijiji huko, naye akatangaza kanisani baada ya ibada kwamba Theodosia, binti wa Martha, anakuja na mizani, akataja na siku ya kila nyumba. Kila alikofika, Theodosia alikuta kiti kimefutwa vumbi, akaketi. Kila mtoto alipakuliwa sahani yake, akaipima, akaandika. Mwishoni aliwapima watoto mikono kwa utepe, akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyemnyima neno wala tabasamu.

Mapema Oktoba maprofesa watatu walimhoji kwa video. Alikaa sebuleni kwa Charlotte, mama mwenye nyumba aliyopanga, mfanyabiashara wa ndagala, yaani dagaa, kutoka Uvira, Kongo. Charlotte alikaa mlangoni na fimbo, akiwafukuza kuku wasije wakalia wakati wa mahojiano. Mambo yalikwenda vizuri mpaka profesa mmoja, mama mwenye mvi, alipovua miwani.

"Takwimu zako zinasema watoto hawa wanakula kuliko wajukuu wangu," alisema kwa upole. "Vipimo vya mikono yao vinasema wana utapiamlo. Kimoja kati ya hivi viwili hakisemi kweli. Nafasi ni moja na waombaji mmebaki wawili. Tuletee maelezo kabla mwezi haujaisha."

Theodosia alifunga kompyuta. Charlotte aliingia na fimbo yake.

"Banasema nini, dada?"

"Wanasema chakula na mikono ya watoto havipatani."

Charlotte alifikiri. "Sasa we utoe kidogo kwa ile chakula, ikuwe sawa na ile mikono. Bale iko mbali, donc batajulia wapi?"

"Hiyo itakuwa uongo, mama Charlotte."

"Hata mi kwa soko, kama mizani iko na akili mbaya, naisaidia kidogo," alisema Charlotte bila aibu yoyote, akaenda zake jikoni.

Tusimhukumu Theodosia upesi. Jioni ile aliziangalia namba zake kwa muda mrefu. Angepunguza theluthi moja tu ya kila sahani, jedwali lingenyooka, na hakuna ambaye angejua. Hata kidole alikiweka kwenye kitufe. Lakini alimkumbuka Nazario, akaona kwamba jedwali hilo lingemficha mtoto kama yeye mara ya pili. Akaiacha kompyuta, akampigia simu mama yake.

Martha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na kicheko cha mama yake ndicho kitu Theodosia alichokuwa anakiogopa.

"Mwanangu, ulikwenda kwa watu na tangazo la kanisani. Ni nani katika kilima hiki atamwonyesha mgeni chungu kitupu?"

"Sikuwa mgeni, mama. Nilikuwa nafanya kazi."

"Ulikalia kiti. Anayeletewa kiti ni mgeni. Njoo tena, usimwambie mtu, na hiyo mizani iache huko. Uje na kitenge kikuukuu, jembe nitakupa mimi."

"Mama, mimi nina shahada mbili."

"Zilete nazo zikusaidie kulima."

Theodosia alikasirika, akalala na hasira yake, na asubuhi akapanda gari la Muyinga. Kutoka hapo alichukua baiskeli ya abiria hadi Butihinda, ambako mama yake alimkabidhi jembe kabla hata ya salamu kuisha.

Alianza na nyumba ya kwanza katika daftari lake, kwa Kasilda. Mume wa Kasilda alikuwa amekwenda kutafuta kibarua ng'ambo ya mpaka, naye alibaki na watoto wanne: wavulana wawili wakubwa, Zawadi wa miaka mitatu, na kichanga cha mgongoni. Zawadi ndiye aliyekuwa na mkono mwembamba kuliko wote katika daftari, na sahani yake ya Septemba ndiyo iliyojaa kuliko zote. Mvua zilikuwa zimeanza na kilima kizima kilikuwa kimeshapanda maharage. Shamba la Kasilda peke yake lilikuwa tupu, na mwenyewe alikuwa akilima shamba la jirani.

Alipomwona Theodosia, alitupa jembe. "Daktari, mbona hukusema? Ngoja nikimbie nikakuletee kiti."

"Leo sikujia kiti," alisema Theodosia, akafunga kitenge chake kiunoni na kuinama kando yake.

Walilima mpaka jua likawa kali. Viganja vya Theodosia vilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Kasilda alimtazama kwa pembe ya jicho, akajizuia, akashindwa.

"Samahani, daktari. Unalima kama unaandika."

Walicheka wote wawili. Theodosia alimwuliza mbona shamba lake halijapandwa, na Kasilda akajibu kwamba bado anaisubiri mvua itulie. Mvua ilikuwa imetulia kwa watu wote, lakini Theodosia hakuuliza tena.

Mchana waliketi mkekani. Safari hii hapakuwa na sahani za watoto kila mmoja na yake. Palikuwa na sahani moja ya ugali wa muhogo na lengalenga kidogo, yaani mchicha, wote wakanawa, wakaanza. Theodosia aliketi karibu na Zawadi, bila daftari, akahesabu kimoyomoyo. Kaka zake walikuwa na mikono myepesi na vinywa vikubwa. Zawadi alikata tonge, akalipuliza, akalitafuna taratibu kama bibi kizee, na alipoinua macho kutafuta la tano, sahani ilikuwa imekwisha. Hakulia. Alilamba vidole, akaenda kucheza.

Theodosia alimfuata kwa macho. Aliyaona matonge ya Nazario, sahani ya kwao ukimbizini, na mkono wake mwenyewe, mkono wa dada mkubwa, ulivyokuwa mwepesi. Kwa miaka thelathini alikuwa amelitafuta jibu vitabuni, kumbe lilikuwa mkekani. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akalia huko mpaka akatosheka.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu mvua kubwa iliwakimbiza kutoka shambani, na walipoingia ndani, paa lilikuwa linavuja juu ya mkeka. Kasilda alikuwa bado anamfungua mtoto mgongoni.

"Nitolee kile chungu chini ya kitanda, tukinge maji," alisema kwa haraka, kisha akasita, kama mtu aliyetamani kulirudisha neno lake.

Kitanda kilikuwa kifupi, cha miti. Theodosia alipiga magoti, akainama mpaka shavu likagusa udongo, akanyoosha mkono. Alikivuta chungu. Ndani mlikuwa na majivu na punje tatu za maharage.

Kila aliyekulia kilimani anakijua chungu cha namna hiyo. Ndimo zinamokaa mbegu za msimu ujao, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Hazipikwi. Hata njaa ikibisha hodi huambiwa ipite nyumba ya pili. Theodosia alikaa sakafuni, chungu mapajani, na shamba tupu likamjia akilini, kisha sahani za Septemba zilizojaa.

"Kasilda, yale maharage niliyoyapima."

Kasilda aliangalia matone yanayoanguka mkekani. "Ulikuja siku mbili, na majirani nao walikuja kukuona. Tungekupikia nini, daktari? Majani? Binti wa Martha, kutoka Gitega?"

"Ungeniambia hamna."

"Wewe ungeniambia?"

Aibu ilimchoma Theodosia, na chini ya ile aibu kulikuwa na upendo mkubwa kwa mwanamke huyu aliyeutoa msimu mzima kumheshimu mtu na mizani yake. Alichukua punje tatu zile akazifunga kwenye ncha ya kitenge, na chungu wakakitumia kukingia maji.

Jioni ile alimwambia mama yake kwamba lazima amrudishie Kasilda mbegu.

"Ukimlipa utamtukana," alisema Martha. "Mgeni halipi alichokula. Fikiri vizuri, msomi wangu."

Theodosia alifikiri. Alitembelea nyumba nyingine tisa kwa jembe na mkeka, akakuta mambo yaleyale kwa sura tofauti: mmoja alikuwa amechinja kuku wa mwisho, mwingine aliazima unga kwa shemeji. Alirudi Gitega, akaandika upya maombi yake. Alieleza waziwazi kwamba takwimu zake za kwanza zilipotoka, na aliyezipotosha ni yeye mwenyewe, kwa tangazo lake na kiti chake. Alieleza habari za sahani moja na matonge manne. Alipendekeza utafiti ambao mtafiti angeishi na kaya kwanza, alime nayo, ale nayo, ndipo apime. Alituma siku mbili kabla ya mwezi kuisha.

Kisha alirudi Butihinda na kikapu cha mbegu za maharage, Charlotte akiwa ameongezea fungu la ndagala "ya ule mtoto wa mikono kidogo". Alisimama mbele ya mlango wa Kasilda.

"Mimi sina shamba," alisema. "Nipe mahali kwenye shamba lako nipande maharage yangu. Mimi sipo siku zote, kwa hiyo palizi na mavuno yatakuwa yako. Na Zawadi tumtengee kibakuli chake, tuone mkono wake utasemaje."

Kasilda alikitazama kikapu, akamtazama Theodosia, akaelewa kila kitu, na kwa ukarimu wake akajifanya hakuelewa. "Mahali papo," alisema. "Lakini wewe uchimbe mashimo. Unahitaji mazoezi."

Walipanda siku hiyohiyo, na zile punje tatu Theodosia alizipanda mwisho wa mstari kwa mkono wake.

Barua ilifika mwishoni mwa Desemba. Nafasi ilikuwa yake. Profesa mwenye mvi aliongeza mstari mmoja chini: katika miaka ishirini hakuwahi kumwona mwombaji aliyejikosoa namna ile, na mtu wa hivyo ndiye aliyemtaka. Charlotte alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka ukuta. Theodosia alipanda gari la Muyinga bila kumpigia mtu simu.

Alimkuta Kasilda amekaa mkekani akimenya maharage mabichi, na Zawadi ana kibakuli chake mapajani, mashavu yameanza kujaa. Theodosia aliwapa habari. Kasilda alimkumbatia, akafuta macho, kisha akaingia ndani. Hakutoka na kiti. Alitoka na viazi vitamu vya jana, vimepoa, akaviweka mkekani bila kuomba radhi.

"Kula, dada," alisema. "Ndivyo vilivyopo."

Siku hiyo Theodosia alikuwa na barua ya Ubelgiji kwenye mkoba, lakini kilichomtoa machozi kilikuwa kiazi kile. Aliketi chini karibu na Zawadi, akakimenya kwa vidole, akala. Alikuwa amekipata alichokitafuta tangu alipomzika mdogo wake, na hakukipata alipokuwa ameketi juu; alikipata siku shavu lake lilipogusa udongo wa nyumba ya mwenzake, kwa maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.