Chungu cha Chachu

Sogeeni mnaopenda kusikiliza, na mnaopenda kuhukumu sogeeni zaidi, kwa maana hadithi hii imebebwa hadi hapa na haina pa kutuliwa ila mikononi mwenu.

Katika milima ya Rungwe, ambako mvua huonekana kama imesahau njia ya kurudi mbinguni, aliishi mpika pombe aliyeitwa Mzee Mwasomola, pamoja na mkewe, Mama Ikupa. Mungu aliwapa watoto watatu, na kila mtoto akapewa kipaji chake.

Ambakisye, wa kwanza, alipewa masikio. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na katikati ya waimbaji waliopaza sauti hadi vioo vya kanisa vikatikisika, aliweza kunyoosha kidole na kusema, "Wewe, dada wa nyuma, umeteleza," na dada huyo akainamisha uso kwa kuwa ni kweli.

Tumpale, binti pekee, alipewa moto. Alikuwa na mgahawa wa ndizi na nyama karibu na stendi, na aliutazama moto chini ya sufuria kama wengine wanavyoutazama uso wa mtu: akajua kama una njaa, umeshiba, au unaumwa.

Gwamaka, kitindamimba, alipewa pumzi. Alilelewa na mjomba wake huko Matema, akizamia nyavu zilizonasa kwenye miamba ya ziwa, na alikaa chini ya maji hadi wageni waliosimama ufukoni waanze kumlilia; ndipo alipoibuka akicheka na kuwauliza nani amekufa.

Nyumba hiyo ilikuwa na chungu kimoja cha chachu. Kila pombe iliyopikwa pale ilianzishwa kwa kata moja kutoka humo, na kila pombe ilipoiva, kata moja ilirudishwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa baba yake Mzee Mwasomola, na kwa babu yake kabla yake. Nao walikuwa na desturi ngumu: chungu hakigawanywi. Chachu ikitiwa katika vyungu viwili, walisema, kila kimoja humlilia mwenzake, na pombe zote mbili huharibika. Aliyepewa chungu alipewa nyumba, jiko na jina. Ndugu zake wakawa wageni. Wageni wapendwao, lakini wageni.

Ijumaa moja jioni Mzee Mwasomola aliwaita wote. "Mikono yangu imeanza kutetemeka," akasema. "Kesho tunapanda gari. Tutazunguka miji midogo tunywe vya wenzetu na tule vya wenzetu, nami nitawatazama mnavyoonja. Jumapili tukirudi, chungu kitakuwa na mwenyewe."

Watoto wakashangilia. Mama Ikupa hakushangilia. Aliogopa barabara, na zaidi ya barabara aliiogopa Jumapili. Moyoni aliona wazi kabisa: wataondoka na watoto watatu, watarudi na mmoja aliye wao na wawili waliojeruhika.

Wakaondoka. Tumpale ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu yeye alionja kwa ncha ya ulimi tu na kutema. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzito kama blanketi lililoloa, na kila mara taa za lori ziliibuka ndani yake ghafla, karibu mno, zikapita kwa kishindo. Mama Ikupa alishika mpini wa mlango hadi vidole vikafa ganzi.

"Juba," Gwamaka akamwambia, kwa maana ndivyo Wanyakyusa wanavyomwita mama, "ukiendelea kuuvuta huo mlango utabaki nao mkononi, nasi tutapata mafua."

"Nyamaza wewe. Tumpale, punguza mwendo."

"Juba, nikipunguza tena tutapitwa na konokono."

Walisimama kwanza mahali palipokuwa na kimpumu, pombe ya ulezi inywewayo ya moto kwa mirija. Wakakizunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Mzee Mwasomola akatazama. Ambakisye aliinama akakitegea chungu sikio. "Bado inaongea," akasema. "Ilitakiwa ingojwe hadi inyamaze." Tumpale akagusa ulimi, akatema. "Ulezi ulikaangwa kwa kuni mbichi." Gwamaka akavuta mrija, akavuta, akaendelea kuvuta, hata wenye kilabu wakaacha mazungumzo yao, na alipouachia pombe ilikuwa imeshuka sana. "Mimi naona," akasema, "ilikuwa kidogo."

Baba yao akacheka hadi machozi yakamtoka. Mama Ikupa naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, maana hakujua mumewe alikuwa akimcheka nani na akimpenda nani.

Waliteremka hadi Kyela, wakala wali na mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaanga kwenye mgahawa wenye meza zilizofunikwa nailoni, wakalala hapo kwa shemeji. Jumapili wakaanza kupanda mlima kurudi. Kila kona iliyopitwa salama, Mama Ikupa alishukuru kimoyomoyo. Na walipoegesha gari mahali pa mwisho, nyumba ya kijana aitwaye Lwitiko iliyojengwa kwenye mteremko, aliachia mpini na kuvuta pumzi ndefu. Barabara ilikuwa imebaki kidogo. Alidhani hofu yake imebaki kidogo pia.

Lwitiko alipika bia ya ulezi na ndizi mbivu, na watu walitoka mbali kuifuata. Siri yake ilikuwa ubaridi: alichimba handaki chini ya nyumba, akapanga humo mapipa yake, na pombe ikachachuka taratibu gizani. Nje, chini ya paa la bati, nyama ya mbuzi ilikuwa ikilia juu ya makaa.

"Nionyeshe pombe zinapolala," Mzee Mwasomola akasema.

"Bila shaka, Tata," Lwitiko akajibu, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Ngoja kwanza nilete mshumaa."

"Mshumaa wa nini, mwanangu, nami nina tochi kwenye simu?"

Lwitiko alicheka kwa heshima, akakimbia jikoni kuutafuta. Mzee Mwasomola hakungoja.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwao, mpika pombe akienda kuisikiliza pombe ya mwenzake, huingia peke yake, na mkewe humfungia mlango nyuma yake ili upepo usiiamshe pombe kabla ya wakati wake. Nyumbani kwao pombe ilikaa kwenye banda la matete, upepo ukapita utakavyo, na kufunga mlango kulikuwa adabu tu. Mama Ikupa alikuwa amefunga mlango huo maisha yake yote ya ndoa. Basi mumewe alipoteremka ngazi akiimba kwa sauti ya chini, kama alivyozoea, Mama Ikupa aliusukuma mlango wa handaki, mlango mnene wa mbao, ukaingia mahali pake bila kuacha mwanya. Akarudi kukaa, akapewa kipande cha nyama.

Gwamaka alikuwa akisimulia jambo, Tumpale akimbishia. Ghafla Ambakisye akainua mkono.

"Tata amenyamaza."

"Anaonja," Tumpale akasema.

"Hapana. Mwenye kuonja huufikisha wimbo mwisho wa mstari. Tata ameukata katikati ya neno." Alikuwa amekwisha simama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Na kuna kitu kimeanguka."

Hakuna mwingine aliyesikia chochote. Nyama ilikuwa ikilia juu ya makaa, redio ikiimba, mlango ukiwa mnene. Lakini Mama Ikupa alimjua mwanawe. Kipande cha nyama kikamdondoka.

Wakaufungua mlango. Chini kabisa ya ngazi simu ilikuwa imelala ikiangaza ukuta, na katika mwanga huo ilionekana miguu ya Mzee Mwasomola, kiatu kimoja kimemtoka. Hakukuwa na moshi wala harufu mbaya. Ni ule uchachu mtamu wa pombe tu, unaochoma pua. Mama Ikupa aliita jina la mumewe. Handaki lilimrudishia jina hilohilo.

Gwamaka akaruka ngazi ya kwanza. Tumpale akamkamata shati kwa nyuma, kitambaa kikapasuka.

"Niachie! Tata yuko pale!"

"Simama!"

Lwitiko alikuwa amefika, mshumaa unawaka mkononi. Tumpale akamnyang'anya. Akashuka ngazi mbili, akaunyoosha mkono kuelekea chini. Mwali ukainama, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukafa. Akauwasha tena. Ukafa palepale.

"Moto umekosa hewa," akasema. "Pombe imepumua humu ndani hadi pakajaa. Hewa yake inatuama chini kama maji kisimani. Ukishuka ukavuta hewa hiyo, Gwamaka, utalala ubavuni pake."

"Tata anakufa!"

"Na wewe ukifa, atafufuka?"

Mama Ikupa alisikia maneno hayo. Alitaka kumwambia Gwamaka ashuke. Alitaka kumwambia Gwamaka asishuke.

"Lwitiko!" Tumpale akapaza sauti. "Maji ya kuoshea mapipa yanatokea wapi?"

"Kuna tundu, upande wa bondeni. Nimeliziba kwa mbao na matambara."

Tumpale akakimbia kuizunguka nyumba, akiteleza kwenye tope. Gwamaka akamwita, "Umesema maji?"

"Nimesema kama maji!"

"Basi maji nayajua."

Akaitwaa kamba iliyofungiwa mbuzi, akampa Ambakisye ncha moja. Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena hadi mbavu zikachomoza, akafunga mdomo, akashuka.

Mama Ikupa alimwona akipotea hadi kiunoni, hadi mabegani, hadi kichwani, kama anayeingia ziwani pasipo maji. Wageni wa ufukoni walikuwa wakimlilia kijana huyu naye akaibuka akicheka. Lakini huku hakukuwa na mawimbi ya kumwonyesha alipo. Kule bondeni ilisikika mbao ikivunjika, na Tumpale akilia kwa hasira huku akiyavuta matambara. Kamba ikatikisika. Gwamaka akatokea, macho yamewiva, akaanguka mlangoni akihema. Alikuwa amemfunga baba yake kwapani, lakini mzee alikuwa amejibana kati ya mapipa.

"Usirudi," mama yake akasema, akimshika mkono.

Akarudi. Safari hii mshumaa uliowekwa na Lwitiko kwenye ngazi ile ya mauti uliendelea kuwaka, kwa kuwa kule chini hewa mbaya ilikuwa ikimwagika bondeni kupitia tundu. Gwamaka akasukuma, Ambakisye na Lwitiko wakavuta, na Mama Ikupa akavuta pamoja nao, hata Mzee Mwasomola akatolewa juani, midomo yake ya rangi ya majivu.

"Amekwisha," Lwitiko akanong'ona.

Ambakisye akalaza sikio kifuani. Redio ikazimwa.

"Yumo," akasema. "Yuko mbali, lakini yumo."

Wakampepea kwa ungo. Wakamwita kwa majina yote waliyokuwa nayo. Na mzee akakohoa.

Hospitali ilimpumzisha, ikamruhusu. Jioni ile ile walikuwa nyumbani, mzee ameketi na blanketi mabegani, na chungu cha chachu kimewekwa mbele yake, kikitoa povu polepole kama kitu kinachopumua. Kwa kuwa Jumapili ilikuwa imefika.

"Mimi sidai," Ambakisye akaanza, "ila kama nisingesikia, mngekuwa mkila nyama huku Tata akipoa. Moto na pumzi vingefika kuzika."

"Ulisikia, kaka, ndiyo," Tumpale akasema. "Tungekimbilia sauti yako sote, tukalala chini sote, Juba akabaki na makaburi. Ni nani aliyewaambia mauti yalikuwa wapi? Ni nani aliyeyafungulia njia yatoke?"

Gwamaka alikuwa akiuchezea mkono wa shati lake lililopasuka. "Mmoja alisikia akiwa amesimama juani. Mmoja alijua, naye akiwa juani. Haya, hongereni. Aliyeingia mle mara mbili ni nani?"

"Bila mimi ungeingia mara moja tu!" Tumpale akamkatiza.

"Basi!" Mzee Mwasomola akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama ya mtu mwingine. "Kabla ya safari nilidhani nitachagua mwenye ulimi mzuri. Sasa ninyi mmenipa kitu kikubwa kuliko pombe, nami sikuona nani alinipa nini. Nilikuwa nimelala. Aliyekuwa macho ni mama yenu. Ikupa, kabidhi chungu wewe. Utakayempa, sitauliza."

Watoto wakageuka. Wote watatu wakasema, "Juba," kwa pamoja, halafu wakaona haya.

Mama Ikupa akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kwenye chungu. Ulikuwa mkono uleule ulioufunga mlango. Akautazama, akaurudisha mapajani. Hofu iliyomwingia Ijumaa ilikuwa imezunguka milima yote na kumsubiri hapa, kwenye kiti chake mwenyewe: mbele yake watoto watatu walio hai, mume aliye hai, na neno moja kinywani ambalo likitoka litawafanya wawili kuwa wageni.

Chungu kikatoa povu. Hadi hapo ndipo hadithi ilipofika, na mama huyo bado ameketi.

Kuna masikio yaliyoita, kuna moto uliozuia, kuna pumzi iliyoleta. Ondoa kimoja, na mzee hayupo. Basi ninyi mliosogea mbele, msimtazame msimulizi. Ungekuwa wewe Mama Ikupa, na mkono huo ni wako, chungu ungempa nani?