Maksai wa Kinu cha Miwa

Mtu mmoja alikuwa na maksai, naye alimshukuru maksai huyo kuliko alivyowashukuru watu wengi waliomtendea mema. Mtu huyo aliitwa Msengi. Alikuwa mkulima wa mtama katika nchi kavu, mahali ambapo mvua huja msimu mmoja tu na haimngoji mtu. Alikuwa na nguvu, kazi aliijua, na udongo wa shamba lake ulikuwa mzuri. Lakini nyumba yake ilikuwa kimya. Mkewe, Damari, alikuwa amerudi kwa kaka zake pamoja na binti yao, Sayuni, kwa sababu Msengi alikuwa amempiga.

Haikuwa mara ya kwanza. Msengi alikuwa mtu wa hasira za ghafla. Chumvi ikizidi, jembe likiachwa mvuani, mkono ulikuwa umeshatua kabla yeye mwenyewe hajajua ameunyanyua. Baadaye alijuta, akashinda kimya, akaleta kitenge. Baba yake alikuwa hivyohivyo, na babu yake pia, na watu wa kijiji walilitaja jambo hilo kama wanavyotaja urefu wa mtu. Wazee walipokaa kusikiliza shauri, Msengi hakukana kitu. Alisema, "Nilimpiga, sikatai. Lakini mimi ndivyo nilivyoumbwa. Hasira hii nimezaliwa nayo." Kaka mkubwa wa Damari alimtazama, kisha akamjibu bila kupandisha sauti, "Basi, shemeji, dada yetu atakaa hapa mpaka utakapoumbwa upya." Msengi akarudi nyumbani akiona kwamba ameonewa.

Mwaka huo, mvua ilipokaribia, mmoja wa maksai wake wawili akafa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Plau haiendi kwa maksai mmoja, kwa hiyo Msengi akaenda mnadani. Huko alimkuta maksai mwekundu, mpana wa kifua, mtulivu, akiuzwa kwa bei ya chini mno. Muuzaji hakuficha sababu. Tangu ujana wake maksai yule alikuwa akizungusha kinu cha kukamulia miwa. Asubuhi alifungwa kitambaa machoni ili asipate kizunguzungu, akafungwa kwenye mti wa kinu, akazunguka hadi jua lizame. Sasa mwenye kinu alikuwa ameleta mashine. Msengi akajiambia kwamba ng'ombe ni ng'ombe, akamnunua.

Mvua ya kwanza ilipolainisha ardhi, aliwafunga nira, mweusi wake wa zamani upande wa kulia, mwekundu upande wa kushoto. Jirani yake, mjane aliyeitwa Mama Mkumbo, alishika kamba mbele kuwaongoza, na Msengi akashika plau nyuma. Walikuwa wamekubaliana kulima shamba la Msengi kwanza, kisha la mjane. Maksai wakavuta. Hatua chache tu, mwekundu akapinda kushoto, akamburuta mwenzake, na mfuo uliotakiwa kwenda mpaka mwisho wa shamba ukajikunja kama mdomo wa chungu na kurudi pale ulipoanzia. Wakawanyoosha, wakaanza tena. Ikawa vilevile. Wakabadilisha pande, bado akapinda. Msengi akamchapa. Yule mnyama hakurusha teke wala hakukimbia. Alitetemeka ngozi, akatulia, akapinda kushoto. Msengi akaendelea kumchapa mpaka Mama Mkumbo akaiachia kamba chini na kwenda zake bila kuaga.

Jioni mchinjaji wa kijiji akaja, maana habari zilikuwa zimeshamfikia. Alimpapasa maksai nyonga na mbavu, akatikisa kichwa.

"Huyu humuwezi, Baba Sayuni," alisema. "Umri wake wote amezunguka. Ndivyo alivyo. Niachie mimi, wewe katafute mwingine."

Msengi alikuwa karibu kukubali. Lakini wakati neno liko mdomoni, mchinjaji alimwachia maksai, na maksai akaenda zake uani. Hakuwa na nira. Hakuwa na kitambaa machoni. Ua ulikuwa mpana, kando yake kulikuwa na majani mabichi, na maji yalikuwa kwenye birika. Naye akaanza kuzunguka. Alizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu, damu ya fimbo ikimkauka mgongoni, akikanyaga nyayo zake mwenyewe, kichwa chini, kama kiumbe anayetimiza wajibu. Msengi akatazama. Maneno ya mchinjaji alikuwa ameyasikia mahali fulani. Aliyasikia kinywani mwake mwenyewe, mbele ya wazee.

"Hauzwi," alisema. Mchinjaji akacheka, akaondoka.

Msengi hakuwa mtu wa shule nyingi, lakini ardhi aliijua. Alijua kwamba mbuzi wakipita mahali pamoja kila siku, njia hutokea hata kama hakuna mtu aliyepanga iwepo, na kwamba njia ikiachwa, majani huirudia. Akaona kwamba ubongo wa yule maksai bila shaka uko hivyo. Duara lile halikuzaliwa naye. Lilikanyagwa kichwani mwake, siku baada ya siku, mpaka likawa njia pekee anayoijua. Basi njia nyingine nayo ingeweza kukanyagwa. Wazo hilo lilimfurahisha, kisha likamtia hofu, kwa sababu alielewa kwamba halimhusu maksai peke yake. Tena kulikuwa na tofauti. Maksai hawezi kujiambia, "Leo nitakwenda moja kwa moja." Anahitaji mtu wa kumshika pembe. Mtu hana wa kumshika pembe. Lazima ajishike mwenyewe.

Asubuhi yake hakufunga plau. Alimshika mwekundu kamba akamwongoza kuelekea mtoni, bila mzigo, bila fimbo. Mnyama alipoanza kupinda, Msengi alisimama, akamweka mkono shingoni, akangoja. Akitulia, wakaendelea. Akipinda, wakasimama. Safari ambayo mtu huimaliza kabla ya chai iliwachukua mpaka jua la utosi. Huku na huku majirani walikuwa wanalima na kupanda, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya shamba la Msengi lililolala bure. Kila alipoliona shamba hilo hasira ilimpanda. Akajiwekea sharti moja: hasira ikija, afanye kama anavyomfanyia maksai. Asimame. Ashushe mikono. Angoje. Kisha ndipo aende.

Mwanzoni alikumbuka sharti lake baada ya kuwa amekwisha kumtukana mnyama na kumsukuma. Baadaye akaanza kulikumbuka katikati ya tusi, akaimeza nusu iliyobaki. Akaenda kwa Mama Mkumbo kumwomba radhi kwa yale aliyoyaona siku ile, na mjane, ambaye shamba lake pia lilikuwa linangoja, akakubali kurudi. Siku moja Mama Mkumbo aliona kwa macho yake jambo ambalo hakuwa amelitegemea: maksai alimkanyaga Msengi mguu, Msengi akanyanyua mkono, mkono ukabaki hewani, ukashuka taratibu mpaka mgongoni mwa mnyama, ukatulia pale.

Kesho yake waliwafunga nira na plau. Mwekundu alinyooka vizuri, akafika mbali kuliko siku zote, Msengi akaanza kutabasamu, na ghafla akapinda. Plau ikaruka, mpini ukampiga Msengi mbavuni. Akachomoa kijiti cha nira, akampiga nacho maksai kichwani, na alipogeuka akamporomoshea Mama Mkumbo maneno mabaya, maneno ambayo mtu hamwambii mjane. Kisha akasikia alichosema. Akakitupa kijiti, akakaa kwenye udongo uliolowa, akafunika uso.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Nimejaribu. Haiwezekani. Mimi ndivyo nilivyo."

Maneno yale yalimchoma Mama Mkumbo. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alibaki ameshika kamba, na akauliza:

"Jana ulisimama, Baba Sayuni. Aliyesimama jana alikuwa nani?"

Msengi akaligeuza swali hilo kichwani. Alitafuta mtu mwingine wa kumtaja, hakumpata. Si baba yake aliyesimama, wala babu yake. Hakuna malaika aliyeushika mkono ule hewani. Ni yeye. Na kama ni yeye aliyesimama jana, basi leo pia ni yeye aliyepiga. Hilo la pili lilikuwa zito kulibeba, lakini ndani ya uzito wake kulikuwa na faraja ambayo hakuwahi kuipata katika kusingizia ukoo. Akainuka. Akamwomba mjane radhi, akimtaja kwa jina lake, akaenda kumwosha maksai jeraha. Halafu akawanyoosha, wakaanza tena.

Sitawadanganya kwamba kuanzia hapo mambo yalikuwa mepesi. Ila siku zilivyopita, duara la maksai lilianza kuwa kubwa, likawa upinde, upinde ukalegea. Na Msengi akagundua kwamba hasira, ambayo zamani aliijua ikishafika, sasa alianza kuisikia ikiwa njiani. Iliingia kwanza shingoni kama joto. Akilisikia joto hilo alipata nafasi ndogo, kama upana wa mlango uliofunguliwa kidogo, na kila alipopita hapo mlango ulizidi kufunguka. Asubuhi moja, wakati majirani walikuwa wanapalilia, maksai mwekundu alivuta plau kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho bila kupinda. Mama Mkumbo akapiga vigelegele peke yake katikati ya shamba. Msengi alimkumbatia ng'ombe shingo, akalia bila kujificha. Walilima mashamba yote mawili, wakapanda mtama wa muda mfupi, na mvua, kwa rehema ya Mungu, ikachelewa kuondoka. Mavuno hayakujaza ghala, ila hakuna nyumba kati ya hizo mbili iliyolala na njaa.

Msimu uliofuata Msengi hakwenda kwa wakwe zake kudai mke. Alipeleka maksai na plau, akaomba ruhusa awalimie. Alilima pale mpaka shamba likaisha, na Damari alimletea maji pamoja na wengine, hakuongea naye zaidi ya salamu. Lakini alimtazama. Alimwona siku mnyororo ulipokatika na plau kumchubua mguu. Alimwona anashusha mikono, anapumua, anatafuta waya wa kufungia. Kazi ilipokwisha, kaka yake alisema kwamba uamuzi ni wa dada mwenyewe. Damari akamwambia mumewe mbele ya watu, "Nitakuja. Lakini siku mkono wako ukininyanyukia, sitangoja kikao cha wazee." Msengi akajibu, "Ni haki yako, mama Sayuni. Asante." Alisema asante kama mtu aliyepewa maji jangwani.

Siku ya mtihani wa kweli ilikuja wakati wa mavuno. Mtama ulikuwa umeanikwa uani, na Sayuni aliachiwa aulinde. Mtoto ni mtoto, akaenda kucheza. Msengi aliporudi alikuta mbuzi wa jirani katikati ya mtama, wamekula walichokula na kilichobaki wamekikanyaga na kukichafua. Sayuni akatokea mbio, akasimama ghafla. Damari akatoka jikoni, akaja akasimama kati ya baba na mtoto. Hapo Msengi aliumia kuliko alivyoumizwa na mtama. Joto likapanda shingoni, likafika masikioni. Akaketi chini palepale, akaweka viganja vyake juu ya ardhi, akaviacha hapo mpaka damu ilipotulia. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Sayuni, wafukuze hao mbuzi, halafu ulete ungo. Tuokote kinachookoteka, na leo hutakwenda kucheza." Mtoto akaleta ungo. Baba na binti wakainama wakaanza kuokota. Baadaye Damari akaja akachuchumaa kando ya mumewe, akaanza kupepeta, na bega lake liligusa la Msengi, wala hakuliondoa.

Katika ibada ya shukrani ya mwaka huo watu walisimama mmoja mmoja. Huyu alishukuru kwa mvua, yule kwa mjukuu. Kisha Msengi akasimama. Alisema anawashukuru Mama Mkumbo aliyemuuliza swali, mkewe aliyekuja na masharti, na mnyama ambaye hata shukrani haielewi. "Na ninamshukuru Mungu," alisema, "kwamba hakuniacha kama nilivyokuwa, wala hakuniburuta kwa kamba. Aliniachia nafasi ya kugeuka." Akaketi. Hakusema kwamba amepona, kwa maana hasira bado ilimtembelea, na zipo siku alizolazimika kusimama na kungoja kama siku ya kwanza. Lakini alikuwa amekwisha kujua kwamba anayesimama ni yeye.

Basi mtu anapotuambia, "Mimi ndivyo nilivyo," je, anatueleza jinsi alivyoumbwa, au anatueleza alichochagua leo asubuhi?