Malaika Aliyepiga Chafya

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo umekunja mikono: malaika akikutokea leo, utausikiliza ujumbe wake au utamkagua mabawa? Usinijibu haraka. Wako watu wema kuliko mimi na wewe walioulizwa swali hilo wakalijibu vibaya Kwaresima nzima, tena kwa machozi ya furaha.

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba katika nchi ya Shamu, juu ya kilima cha mawe na mizabibu, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake. Waja hao wa Mungu walilima zabibu, walisokota sufu, na kila jioni walikusanyika kanisani kuimba. Wimbo wao mkuu waliuita Ngazi. Ulianza kwa kuwataja malaika kwa sauti ya kawaida, ukapanda kwa malaika wakuu, ukapanda tena kwa makerubi, ukafika kwa maserafi, huko juu ambako koo nyingi hukata tamaa. Kisha ghafla wimbo ulishuka mpaka chini kabisa. Watawa wote waliinamisha vichwa wakaimba polepole, kwa sauti nzito: “Na Mwana yu juu ya hao wote.”

Mgeni akiuliza kwa nini mstari wa aliye juu ya wote unaimbwa chini kuliko yote, Mama Tekla, mkuu wa nyumba ile, humjibu, “Kwa sababu ndiko alikotufuata, mwanangu.” Kisha huendelea kuchambua dengu zake.

Miongoni mwa watawa hao alikuwapo Shushani, mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti. Akifika kwa maserafi, hata mbuzi waliokuwa mteremkoni waliacha kutafuna. Lakini Mungu hampi mja vyote. Sauti yake ya chini ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta tangu gharika ya Nuhu. Kwa hiyo mstari wa Mwana alikuwa akichezesha midomo tu. Na huko juu? Huko alikaa kama mgeni aliyepewa kiti kizuri. Wenzake walimngoja chini wameinama, migongo inawauma, naye bado yuko kwa maserafi, anazunguka, anapamba. Riya ni kama moshi wa jikoni: mpishi ndiye wa mwisho kuunusa.

Kwaresima ilipoanza, Mama Tekla alimwita.

“Shushani mwanangu, kuanzia leo Ngazi ataiongoza Anahidi. Wewe utasafisha mitungi.”

“Mitungi ipi, Mama?”

“Ile mikubwa ya mvinyo. Ni wewe peke yako unayeingia bila kukwama shingoni.”

“Na kuimba?”

“Imba moyoni. Mpaka nitakapokuita.”

Mitungi ile ilikuwa mirefu kuliko mtu mzima, imefukiwa nusu ardhini, na kabla ya kutiwa mvinyo mpya sharti mtu mwembamba ateremke ndani kwa kamba akwangue mashapo yaliyoganda. Ghala lenyewe lilipakana na kanisa, na juu ya ukuta wa katikati palikuwa na tundu la kupitishia hewa. Likumbuke tundu hilo.

Jioni ya kwanza Shushani alikuwa mtungini, amejaa mashapo mpaka kwenye nyusi, aliposikia wenzake wakianza Ngazi. Anahidi aliongoza kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai. Alipofika kwa makerubi alikohoa. Akajaribu tena, akakohoa tena, akanyamaza. Shushani alijiuma mdomo. Alijikumbusha amri ya mkuu wake. Alijikumbusha unyenyekevu, akajikumbusha subira, kisha akafungua kinywa akaupokea wimbo palepale ulipoangukia.

Nani aliyejua mtungi mtupu hufanya nini na sauti? Uliichukua, ukaizungusha, ukaikuza, ukaipeleka tunduni, na tundu likaimwaga chini ya kuba la kanisa kama mvua ya asali. Shushani akapanda mpaka kwa maserafi. Hapo, kama ilivyokuwa desturi yake, aliishia. Mstari uliobaki haukuwa wa kiwango chake.

Kisha akasikia kilio kutoka kanisani.

Alitoka mtungini mbio, akiwa amekwisha panga maneno ya kuomba radhi. Alikutana na Anahidi uani, machozi yakimtiririka.

“Maskini Shushani! Ulikuwa wapi? Malaika ameimba!”

“Dada Anahidi, yule alikuwa…”

“Sauti ile! Na mimi siku zote nikidhani wewe ndiye unajua kuimba, Mungu anisamehe. Wewe kwake ni chura.”

Shushani alibaki ameachama. Angesifiwa, huenda angeungama. Angekemewa, hakika angeungama. Lakini kuambiwa kwamba wewe ni chura ukilinganishwa na wewe mwenyewe, huo ni mtego ambao hata Ibilisi, pamoja na uzoefu wake wote, sidhani kama alikuwa ameufikiria. Akafunga kinywa. Na kesho yake jioni akaimba tena, ili kuhakikisha.

Habari ikashuka kijijini. Watu wakapanda kilimani na watoto wao, na wagonjwa wao, na majungu yao. Shemasi Barhadi, aliyekuwa amesoma mjini na hakumruhusu mtu kulisahau jambo hilo, aliwafasiria sauti ile ni ya cheo gani cha malaika na kwa nini ilichagua ukuta wa magharibi. Waumini wakaanza kuweka taa chini ya tundu, kisha ubani, kisha zabibu kavu na mikate ya ufuta. Na kwa kuwa madhabahu iko mashariki na tundu liko magharibi, mikeka nayo ikaanza kugeuka. Hakuna aliyekata shauri kumpa Bwana mgongo. Walitaka tu kusikia vizuri.

Jioni moja vumbi la mashapo lilimwingia Shushani puani akiwa katikati ya makerubi. Alijizuia mpaka akaona nyota. Kisha ikatoka, chafya kubwa, na mtungi ukaikuza kwa uaminifu uleule uliokuza wimbo.

Kanisa zima liliganda. Mzee mmoja mfua chuma akauliza kwa adabu, “Shemasi, kumbe malaika wana pua?”

Barhadi alifumba macho kwa muda, kama mtu anayesoma kitabu ndani ya kichwa chake. “Ndugu yangu, hiyo haikuwa chafya ya pua. Hiyo ni pumzi ya rehema.”

Basi kesho yake nusu ya kijiji walikuwa wakipiga chafya kwa taadhima, wengine kwa msaada wa pilipili manga.

Mama Tekla hakusema neno. Jioni aliendelea kuketi mahali pake, ameelekea madhabahu, peke yake. Siku moja tu, jikoni, mbele ya watawa wote, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

“Nimemsikiliza malaika wenu. Ana sauti nzuri, alhamdu kwa aliyempa. Ila anawataja malaika wote mpaka wa juu, na akimkaribia Mwana anatoroka. Wale ninaowasoma kwenye Maandiko, Mwana alipozaliwa walishindwa kukaa mbinguni kwa furaha, wakashuka kuwaimbia wachunga kondoo. Huyu wetu ama si malaika, ama sauti yake ya chini ni mbaya.”

Watawa walicheka. Shushani alicheka kuliko wote, kisha akaenda nje kupunga upepo.

Pengine angeendelea hivyo hadi mavuno, kama si Hinda. Hinda alikuwa dada yake wa tumbo moja, mke wa mtunza mizabibu wa kijijini. Alikuwa amezika watoto wawili, na sasa Mungu alimpa wa tatu, kivulana chenye mashavu, ambacho kilitarajiwa kubatizwa asubuhi ya Pasaka. Alipanda kilimani wiki ile ya mwisho, mtoto mgongoni, akamkuta Shushani ghalani.

“Mdogo wangu, nimekata shauri. Pasaka simpeleki kisimani. Nampeleka kwa malaika.”

“Dada! Hutambatiza?”

“Wale wawili walibatizwa, nikawafukia. Mwana wa Mungu ana ulimwengu mzima wa kuutunza, Shushani, atamkumbuka vipi mwana wa Hinda? Huyu malaika ni wetu. Yuko hapa hapa ukutani, namsikia kwa masikio yangu. Nimeweka nadhiri: akiniimbia asubuhi ya Pasaka, mtoto ni wake.”

“Na asipoimba?”

Hinda alimvuta mtoto mbele akamfunika uso kwa mbeleko. “Asipoimba, nitajua huyu naye siachiwi.”

Shushani alirudi mtungini lakini hakukwangua kitu. Akiimba, mtoto wa dada yake atatolewa sadaka kwa tundu la hewa. Akinyamaza, dada yake atamlea mtoto kama mtu anayelinda maiti. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikumfaa kupanda wala kukoma. Ilibaki njia moja tu, nayo ilikuwa inapitia chini, mahali ambapo hakuwahi kuimba.

Asubuhi ya Pasaka jua lilikwisha panda, kilima kimejaa watu, kila mtu amevaa alichonacho. Mama Tekla alimkuta Shushani akivuka ua na kamba yake.

“Hata leo, mwanangu?”

“Kuna mashapo yamebaki, Mama.”

“Najua,” alisema mama yule. “Yakwangue yote.”

Kanisani kisima cha ubatizo kilijazwa maji, na hakuna aliyekitazama. Hinda alisimama chini ya tundu, amemwinua mtoto kwa mikono miwili. Sauti yake ilipenya ukuta ikamfikia Shushani ndani ya mtungi, nyembamba kama uzi: “Malaika wangu, imba. Imba umchukue, umtunze.”

Kimya.

“Imba basi,” Hinda alisema tena, na sasa alikuwa analia.

Ndipo sauti ikaja. Ilianza na malaika, ikapanda kwa malaika wakuu, ikapanda kwa makerubi, na waliokuwapo walisema baadaye kwamba haikuwahi kupendeza namna ile. Ikafika kwa maserafi. Haikukaa. Haikuzunguka, haikupamba. Ikashuka, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kabisa, na huko chini ikakwaruza, ikakatika, ikajikokota kama mlango wa zizi:

“Na Mwana… yu juu… ya hao wote.”

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya, kisha naye akacheka. Watu wakatazamana. Barhadi alijitahidi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyosomea: “Ndugu, msishangae, wako malaika wa daraja la chini ambao…”

“Barhadi,” alisema Mama Tekla kwa upole, “nyamaza kidogo Bwana apate kusikika.”

Naye Hinda alikuwa amemshusha mtoto kifuani. Machozi yamesimama shavuni, na mdomo umeanza kumchezacheza. “Huo mkwaruzo naujua,” alisema. “Nimelala nao kitanda kimoja tangu utotoni. Mama alikuwa akituambia tuupake mafuta.”

Mlango wa kanisa ukafunguka. Shushani alisimama pale, zambarau kuanzia utosini mpaka vidoleni, kamba ingali kiunoni, mashapo yakimdondoka sakafuni siku ya Pasaka.

Sasa, wewe uliyekunja mikono, sikiliza. Maandiko yanatufundisha kwamba malaika ni watumishi, wanatumwa kuwahudumia warithi wa wokovu. Ukimwangukia miguuni mmoja wao, atakuinua mara moja akwambie: usifanye hivyo, mimi ni mtumwa mwenzako, msujudie Mungu. Hiyo ndiyo alama ya malaika wa kweli, wala si mabawa, wala si sauti: hapokei kisicho chake, na hampiti Bwana wake bila kumtaja. Shushani alikuwa na sauti yao Kwaresima nzima, akakosa jambo hilo moja. Na kulipata jambo hilo ilimbidi avuke kanisa zima na uso wa zambarau.

Akavuka. Mikeka ilikuwa imeelekea magharibi, kwa hiyo alipokwenda kusimama kando ya kisima, watu wote walilazimika kugeuka ili wamwone.

“Shushani,” dada yake alimwita, “basi huyu mtoto nimpe nani?”

“Mpe Yeye niliyekuwa namruka kila jioni. Hakuwasahau wale wawili, dada, wako kwake. Mimi ndiye niliyemsahau.” Akainua sauti ili hata mfua chuma aliyekaa nyuma asikie vizuri. “Hapakuwa na malaika. Ni mimi. Nilikuwa ndani ya mtungi wa mvinyo, nikaimba ili nisifiwe, na mlipogeuza mikeka nilijua, nikaendelea. Na chafya ile, Shemasi, naomba unisamehe, nayo ilikuwa yangu.”